Baba mdogo kaacha betri miezi kumi sasa. Hii risasi kwenye damu yake inatoka wapi?

#1 FundiMaabara

Wakuu salaam. Wasimamizi wakiona uzi haupo jukwaa lake wauhamishe, ila wasiufunge.

Kazi yangu ni maabara, mwaka wa kumi na tatu huu. Sio daktari, kwa hiyo msiniulize dozi. Nimeandika kwa sababu ya baba yangu mdogo. Miaka minane alikuwa anapasua betri chakavu za magari uani kwake, anayeyusha zile sahani za ndani kwenye sufuria kuukuu, anauza risasi kwa kilo. (Ndiyo, risasi, madini yale mazito ya kijivu. Kabla hamjaniuliza kama baba mdogo ni jambazi.) Aliacha mwaka jana baada ya tumbo kuanza kumsokota, usahaulifu, na mkono wa kulia kulegea kwenye kifundo mpaka kikombe cha chai kinamponyoka.

Juzi kaenda kupima. Karatasi imerudi: mikrogramu 18 kwa desilita, na pembeni mtu kaandika "kawaida". Mzee kafurahi, kanunulia nyumba nzima soda. Mimi soda ilinishinda.

Kwanza, hiyo "kawaida" imetoka kwenye chati ya zamani ya wafanyakazi wa viwandani. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linasema ukikuta 5 tu, tafuta chanzo na ukiondoe, na halijataja kiwango chochote kuwa salama. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni hili: risasi iliyomo kwenye damu, nusu yake huondoka kwa takriban mwezi mmoja. Mzee hajagusa betri miezi kumi. Ukipiga hesabu ya nusu ya nusu ya nusu mara kumi, kilichobaki kilitakiwa kiwe vumbi. Sasa 18 inatoka wapi?

Inatoka ndani. Damu ni barabara, ghala liko kwenye mifupa. Kwa mtu mzima zaidi ya asilimia 90 ya risasi yote aliyobeba imo humo, na kule inakaa miaka kumi hadi thelathini. Kila siku mifupa inabomoka kidogo na kujengwa upya, na kila inapobomoka inamwaga risasi kidogo barabarani. Kipimo cha juzi hakikupima betri, kilipima mifupa inayovuja.

Nitaendelea usiku nikitoka zamu. Nataka nieleze kwa nini kila madini yana nyumba yake mwilini, maana hapo ndipo watu wengi wanapigwa.

#2 Kiti cha Mbele

Nimeshaweka kiti. Mkuu usije ukapotea kama wale wa "itaendelea".

#3 FundiMaabara

Nimerudi.

Mwili hauna ghala la sumu, hakuna kiungo kilichoumbwa kutunza zebaki. Una milango na stoo za vitu unavyovihitaji: kalsiamu, zinki, chuma, fosfeti. Mlinzi wa mlangoni hasomi jina, anaangalia umbo na chaji ya umeme. Kwa hiyo madini ya sumu yanapita kwa kitambulisho cha mtu mwingine, na yakishapita yanapelekwa kulala kwenye chumba cha mwenye kitambulisho.

Risasi inajifanya kalsiamu, kwa hiyo inapelekwa mifupani na kwenye meno. Kadmiamu inajifanya zinki. Ini likiona zinki imezidi linatengeneza protini ndogo ya kuikamata, inaitwa metalothayonini. Protini hiyo ilipatikana mara ya kwanza mwaka 1957 kwenye figo za farasi, ikiwa imekumbatia kadmiamu. Kadmiamu ikishakamatwa inasafirishwa hadi figo, figo zinaivunja ile protini, kadmiamu inabaki mikononi mwao. Haina pa kwenda, na inaweza kukaa hata miaka thelathini. Aseniki ya aina moja inajifanya fosfeti. Ile ya aina nyingine inapenda salfa, na nywele na kucha zimejaa salfa, ndiyo maana wapelelezi wa mauaji ya sumu wanakata kucha za marehemu.

Na zebaki ya kwenye samaki, methili-zebaki, huyu ndiye tapeli wao. Inashikana na kipande cha protini kiitwacho sisteini, na wakiwa pamoja wanafanana na methionini, chakula halali cha ubongo. Mlango wa ubongo, ambao unakataa hata dawa nyingi za hospitali, unamfungulia mwenyewe.

Ndiyo maana upungufu nao ni hatari. Mtoto asiye na chuma cha kutosha, utumbo wake unaongeza milango ya kutafuta chuma, na risasi na kadmiamu zinapitia humo humo. Tena mtoto mdogo anafyonza karibu nusu ya risasi anayomeza, wakati mtu mzima ni kama sehemu moja ya kumi. Mwenye njaa anapewa sumu nyingi kuliko aliyeshiba, kwa udongo ule ule.

#4 Mzee wa Karasha

Fundi nimekusoma. Mimi nipo machimbo ya Geita tangu 2004, nimeanzia duarani (shimoni), sasa nina karasha langu la kusaga mawe. Zebaki nimeishika kwa mikono hii, kukamatishia dhahabu, mpaka leo natembea. Nimeshuhudia jamaa kaimeza kwa bahati mbaya, kesho yake yuko kazini. Hamtutishi bure?

#5 FundiMaabara

Mzee, shikamoo. Hujasema uongo na ndio mtego wenyewe. Zebaki ya maji ukiimeza, tumbo karibu halifyonzi kitu, inatoka kama ilivyoingia. Hatari ni pale unapoweka lile donge la dhahabu na zebaki kwenye moto. Mvuke ule hauna rangi wala harufu, na ukiuvuta kama asilimia 80 inabaki. Kutoka mapafuni unaingia kwenye damu, unapita hadi kwenye ubongo bila kizuizi kwa sababu bado hauna chaji. Ukishafika ndani ya seli, seli inauchoma kama inavyochoma takataka nyingine, unapata chaji, na mwenye chaji hapiti tena ule mlango. Umeingia mlango wazi, ukafungiwa ndani. Unaobaki kwenye damu unaishia figo.

Swali langu kwako: wale wanaochoma kwa jiko la mkaa ndani ya chumba, mikono yao ikoje ukiwapa glasi ya maji?

#6 Mzee wa Karasha

Marahaba. Wawili wanatetemeka. Tulikuwa tunasema ni konyagi.

#7 FundiMaabara

Inaweza kuwa vyote viwili. Ila mtetemeko huo ndio alama ya zamani kuliko zote ya mvuke wa zebaki. Wachomee nje, upepo ukiwa mgongoni, na watafute retoti, kile chungu chenye mfuniko na bomba linalorudisha mvuke kuwa maji. Zebaki inarudi kwenye chupa yako badala ya kwenye figo zao. Hata kwa hesabu ya pesa tu inalipa.

Na kitu kingine. Mawe yenyewe nayo si ya kuaminiwa. Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 2010 watoto zaidi ya 400 walikufa vijijini na sababu haikuwa zebaki. Miamba ya dhahabu kule ilikuwa na risasi nyingi, watu wakaipeleka nyumbani kuisaga kwenye mashine za nafaka, vumbi likatanda uani, kuku wanadonoa, watoto wanatambaa. Madaktari Wasio na Mipaka walipofika walikuta watoto wanapata degedege, wengine wakadhani ni malaria. Usisagie mawe nyumbani, Mzee, hata kama una haraka.

#8 BintJomvu

Mimi ni wa Mombasa. Nyinyi mwasoma, sisi tumeona. Hapa kwetu, Owino Uhuru, kulifunguliwa kiwanda cha kuyeyusha betri karibu 2007, ukuta wake umepakana na nyumba za watu. Moshi waingia jikoni. Maji ya kiwanda yapita mferejini watoto wachezapo. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi pale, mwanawe mchanga akaugua, vipimo vikaonyesha risasi. Mama yule akaacha kazi akaanza vita. Kiwanda kikafungwa 2014, yeye akapata tuzo ya mazingira ya Goldman 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamua wenyeji walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu.

Ninalotaka kuuliza ni hili. Kuna wanawake waliokuwa wasichana wakati ule, sasa wameolewa, wamehama. Wakibeba mimba leo, mtoto yuko salama?

#9 FundiMaabara

Dada, hili ndilo swali gumu kuliko yote ya uzi huu na sitalipaka asali.

Mimba inapokua, mtoto anahitaji kalsiamu ya kujenga mifupa. Chakula cha mama kisipotosha, mwili wake unavunja mifupa yake kumpa mtoto. Kunyonyesha hivyo hivyo, pengine zaidi. Sasa ghala likifunguliwa kutoa kalsiamu, yule mwenye kitambulisho bandia naye anatoka, na kondo la nyuma halimzuii. Msichana aliyelamba vumbi mwaka 2010 anaweza kumpa mwanawe risasi hiyo miaka kumi na tano baadaye, akiwa amehamia Voi na hajaona kiwanda tena. Vivyo hivyo kwa bibi anayeanza kupoteza mifupa uzeeni, risasi ya ujanani inarudi barabarani.

Linalosaidia ni la kawaida kabisa: kalsiamu ya kutosha katika mimba. Dagaa wa kuliwa mzima na mifupa yake, maziwa, mtindi, na vidonge vya kalsiamu akiandikiwa kliniki. Mwili ukipata ya mezani haubomoi sana ya ghalani. Na aseme kliniki alikotoka, apimwe damu mapema. Kunyonyesha asiache kwa hofu tu. Faida ya maziwa ya mama ni kubwa, na uamuzi wa kuacha ni wa daktari mwenye namba mkononi.

#10 Mama Tatu

Mimi nina mimba ya miezi mitano na nala pemba. Sio kisiwa, ule udongo wa vipande wanaouza sokoni. Sasa mmeanza kunitia jasho.

#11 FundiMaabara

Mama Tatu, hongera, na samahani. Watafiti waliwahi kupima pemba inayouzwa maeneo ya machimbo Geita, matokeo yakachapishwa 2014. Karibu nusu ya wajawazito waliohojiwa walikuwa wanakula udongo, na ndani ya udongo ule kulikuwa na aseniki, risasi na wenzao. Hamu ya udongo mara nyingi inaandamana na upungufu wa damu. Halafu rudi #3, utumbo wenye njaa ya chuma unafungua milango yote. Kwa hiyo unakula udongo wenye risasi saa ile ile ambayo tumbo lako linaipokea kwa mikono miwili. Pima wingi wa damu, meza vile vidonge vyekundu vya chuma wanavyowapa bure hata kama vinakufungia choo, na hamu yenyewe inaweza kupungua.

#12 TibaAsilia_Halisi

Ndugu zangu, yote haya yana ufumbuzi. Nina unga wa mimea saba unaosafisha damu, ini, figo na mifupa kwa siku 21. Sumu yote inatoka kwa haja ndogo, unaiona kwa macho ikiwa nyeusi. Njoo faragha.

#13 Mchambuzi Mgumu

Risasi ikitoka kwenye mkojo huioni kwa macho hata ukivaa miwani ya kuchomelea. Mweusi huo ni mimea yako.

Ila Fundi, nami nina swali. Kama kuna dawa za hospitali za kuvuta madini, kwa nini zisitolewe tu mpaka mifupa iwe safi?

#14 FundiMaabara

Zipo. DMSA ya kumeza ndiyo iliyotumika sana Zamfara. Kazi yake ni kuikumbatia risasi barabarani na kuisindikiza kwenye mkojo. Barabarani, nimesema. Ghalani haifiki vizuri. Kwa hiyo damu inashuka kwa kishindo, dawa inasimama, wiki chache baadaye mifupa inaimwagia damu risasi mpya na namba inapanda tena. Ndiyo maana watoto wale walirudia mizunguko mingi, na ndiyo maana hawakuanza dawa kabla kijiji hakijafagiliwa udongo wake. Ukimtibu mtoto halafu ukamrudisha kwenye vumbi lile lile umecheza bure.

Na dawa hizi hazijui adui peke yake. Zinavuta pia zinki na shaba unazozihitaji. Marekani, kati ya 2003 na 2005, watu watatu walikufa, wawili wakiwa watoto, kwa sababu walipewa aina isiyo sahihi ya EDTA, dawa nyingine ya kuvuta madini, ikafyonza kalsiamu yao ya damu mpaka moyo ukasimama. Hospitali na kliniki. Sindano. Watu wenye vyeti. Sasa yule anayenunua unga wa siku 21 kwa mtu asiyemjua…

#15 MmeruMtulivu

Niingilie kidogo na meno yangu. Nimezaliwa Arumeru, meno yangu ya kahawia. Nikifika Dar wananiuliza kama nilianza sigara tumboni. Kwetu hilo ni la watu wote, ni maji. Floraidi nayo ni madini ya kujificha au mnaongelea vyuma tu?

#16 FundiMaabara

Karibu Mmeru. Floraidi si chuma, lakini tabia ni ile ile, tena ni mfano mzuri kuliko wote. Karibu asilimia 99 ya floraidi inayobaki mwilini imo kwenye mifupa na meno. Inakwenda kukaa kwenye jiwe lenyewe la mfupa, mahali pa kijisehemu kingine kinachofanana nayo ukubwa.

Meno yako ni kitabu cha tarehe. Gamba la jino linajengwa utotoni mpaka kama umri wa miaka minane, likishaiva haliguswi tena. Kwa hiyo mtu aliyehamia Arumeru akiwa na miaka ishirini meno yake yatabaki meupe, anaringa, lakini mifupa yake inaendelea kukusanya kimya kimya. Volkano za kwenu ndizo zilizoacha mawe yenye floraidi, mvua ikayaosha. Kuna chemchemi zinazopita mbali kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita cha Shirika la Afya Duniani. Na usisahau magadi ya kulainishia maharage na makande. Magadi ya ukanda ule yana floraidi yake nayo.

Sasa tamu. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji, na chujio lao lililosifika ni mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ikasagwa. Maji yanapita, floraidi inang'ang'ania mfupa. Upendo ule ule uliopinda miguu ya watoto wa bonde lile, wakaugeuza kuwa chujio. Mimi hili huwa linanifurahisha kila nikilifikiria.

#17 MmeruMtulivu

Bibi yangu alikataa maji yale, akasema hanywi supu ya ng'ombe asiyemjua.

#18 Mchambuzi Mgumu

Nyie mmehama, rudini kwenye madini mema. Kama mwili una stoo za chuma na zinki, hizo stoo hazijai?

#19 FundiMaabara

Zinajaa. Mtu mzima ana chuma gramu tatu hadi nne tu, nyingi iko kwenye damu, akiba kwenye ini. Kila siku anaingiza miligramu moja au mbili na kupoteza kiasi hicho hicho kwa ngozi na utumbo, na wanawake kwa hedhi. Ajabu ni kwamba mwili hauna bomba la kumwaga chuma kilichozidi. Udhibiti wote uko mlangoni. Kusini mwa Afrika kulikuwa na watu wa vijijini ambao maini yao yalijaa chuma kwa sababu ya pombe ya kienyeji iliyochachushwa kwenye mapipa na vyungu vya chuma. Asidi ya pombe inakula chuma cha pipa, mnywaji anakunywa vyote.

Shaba ina ugonjwa wake wa kurithi, Wilson, ini linashindwa kuitoa kwenye nyongo, inajaa, inafika ubongoni, na machoni inachora pete ya kahawia-kijani kuzunguka mboni. Madini joto ya kwenye chumvi hayafiki hata miligramu 20 mwili mzima, na sehemu kubwa imo kwenye tezi ya shingoni. Kidogo hivyo, lakini yakikosekana rovu linakuota na mtoto anazaliwa na akili nzito. Faida na sumu ni suala la kiasi na la chumba alicholala.

#20 Mzee wa Karasha

Fundi, samaki wa ziwa je? Huku tunaambiwa machimbo yameharibu sangara wote.

#21 FundiMaabara

Hapa Mzee kuna kisa nakipenda. Japani, mji wa Minamata, kiwanda cha kemikali kilimwaga methili-zebaki baharini tangu miaka ya 1930 hadi 1968. Ilianza na paka kuruka kama wanacheza ngoma, halafu wavuvi, na ugonjwa ukatangazwa rasmi Mei 1956. Kichungu zaidi, kina mama waliokuwa karibu wazima walizaa watoto walioharibika ubongo vibaya. Madaktari wengi waliamini kondo la nyuma linazuia sumu. Daktari kijana, Masazumi Harada, akawa miongoni mwa waliothibitisha kinyume. Baadaye ushahidi ulitoka mahali ambapo hamtaamini. Wajapani wana desturi ya kukausha kitovu cha mtoto na kukitunza kwenye kisanduku. Sisi tunazika, wao wanatunza. Vitovu vile vilipimwa miaka mingi baadaye, zebaki ilikuwa imo, mwaka kwa mwaka, kiwanda kilipozalisha zaidi nayo ikapanda.

Harada huyo huyo, miaka ya 1990, akaja na wenzake Ziwa Victoria kupima nywele za wachimbaji, wavuvi na watu wa Mwanza. Unywele unakua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo ni shajara, unaukata vipande na kusoma miezi. Hawakukuta Minamata nyingine. Samaki hawakuwa wabaya kwa wastani. Lakini kulikuwa na watu wachache wenye namba za kutisha, wengine hawajawahi kukanyaga machimbo. Walipofuatilia, shaka ikaangukia sabuni. Sabuni za kung'arisha ngozi.

Kwa samaki kanuni ni rahisi: mla wenzake hubeba zebaki ya wote aliowala. Sangara mzee mkubwa anabeba kuliko dagaa. Kula dagaa kwa raha.

#22 Mama Tatu

Sabuni zipi tena jamani.

#23 FundiMaabara

Zile na krimu zake. Zebaki inazima kimeng'enya kinachotengeneza weusi wa ngozi, ndiyo maana "zinafanya kazi". Inapita kwenye ngozi, inapita kwa mvuke bafuni, na makazi yake makuu ni figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha utafiti kuhusu watu wazima waliovimba miili kwa figo kuvuja protini. Zaidi ya nusu yao walikuwa wanatumia krimu za kujichubua zenye zebaki. Hamsini na kitu miaka iliyopita! Soma pakiti. Ukiona "mercury", "calomel" au "mercurio", au haina orodha ya viambato kabisa, achana nayo. Usiichome moto, utavuta mvuke. Ifunge kwenye mfuko, uipeleke kwa watu wa afya wa halmashauri.

Mkojo ukiwa na povu lisiloisha, pima protini. Kipimo chake ni cha bei ndogo.

#24 Mchambuzi Mgumu

Fundi umejibu watu wote vizuri. Mimi nimekaa na swali moja tangu juzi, naogopa kuliuliza. Baba yako mdogo alikuwa anayeyusha betri *uani kwake*. Nani mwingine anaishi pale?

#25 Kiti cha Mbele

…

#26 Kiti cha Mbele

Siku ya tatu. Fundi upo?

#27 FundiMaabara

Nipo. Mniwie radhi.

Ana wajukuu watatu pale. Nilikuwa nafikiria mkono wa mzee, namba ya mzee, mifupa ya mzee. Miezi yote hii nimeingia ile nyumba, nimekanyaga ule udongo, nimekaa kwenye mkeka pamoja nao. Mimi, mtu wa maabara.

Tumewapima wote. Mkubwa, miaka kumi na moja, 9. Wa kati 16. Mdogo ana miaka mitatu na nusu, ndiye anayekaa chini muda wote, 38. Yupo juu kuliko babu yake aliyefanya kazi yenyewe. Mama yake anasema amekuwa mkali na choo kimefunga, walidhani ni minyoo. Daktari wa watoto kamlaza, wanaangalia kama ataanzishiwa dawa.

Nyumbani tumeacha kufagia kavu. Tunapiga deki na maji, vumbi lisiruke. Sufuria ya kuyeyushia tumekuta bibi anachemshia maji ya kuogea. Udongo wa pale chini ya mwembe, penye jiko lake, tumeuchota kina cha kiganja, viroba kumi na saba. Vipo chini ya turubai nyuma ya choo.

#28 BintJomvu

Pole sana kaka. Mpe maziwa na mboga zenye chuma, usimwache na njaa, tumbo tupu lafyonza zaidi. Kwetu mama mmoja alikuwa akimlisha mwanawe kidogo kidogo kutwa nzima. Tutamwombea.

#29 Mzee wa Karasha

Pole kijana. Leo nimehamisha karasha. Lilikuwa hatua ishirini kutoka mlango wa mke mdogo.

#30 Mchambuzi Mgumu

Pole Fundi. Hivyo viroba vinakwenda wapi? Mvua zinakaribia, na nyuma ya choo si kuna kisima?

#31 FundiMaabara

Kisima kipo, hatua thelathini. Nimezungushia matofali na plastiki ya pili. Nimepiga simu ofisi mbili, ya pili wamesema nisiguse, nisimpe mtu, gari litakuja Jumatano.

#32 Kiti cha Mbele

Jumatano ya lini?